Somo: Kurekebisha Programu ya Msimbomilia kwa Printa Mpya

Printa ya ghalani huchakaa kabla ya programu. Chama hununua printa nyingine, programu ya lebo inaachwa kama ilivyokuwa, na lebo zinatoka. Kwa macho zinaonekana safi, lakini skana inazikataa. Somo hili linaeleza sababu za jambo hilo kwa printa za sindano, ambazo kichwa chake hugonga utepe wa wino na kuacha nukta karatasini. Linaeleza pia mambo ambayo katibu hana budi kuyahakikisha kabla ya lebo hata moja kubandikwa kwenye gunia la mwanachama.

Hasara humwangukia nani?

Tuchukue mfano. Mwanachama nambari 004127 ameleta kahawa yake. Lebo ikisomeka, kilo zake huingia katika hesabu yake bila kupitia mkono wa mtu. Isiposomeka, karani huandika nambari hiyo mwenyewe, na msimu wa mavuno, foleni ikiwa ndefu, 004127 huweza kugeuka 004172. Kilo zimekwenda kwa mwanachama mwingine, na aliyetoa jasho atagundua siku ya malipo.

Wako wanaodhani kwamba alama ya uhakiki ingezuia kosa hilo. Katika msimbomilia uitwao Code 39, alama hiyo hupatikana kwa kujumlisha thamani za tarakimu, kugawanya jumla kwa 43 na kuchukua baki. Jumla ya 0, 0, 4, 1, 2, 7 ni 14. Jumla ya 0, 0, 4, 1, 7, 2 pia ni 14. Nambari zote mbili hupata alama moja, na kosa hupita bila kuonekana. Kinga iliyo bora ni lebo inayosomeka mara ya kwanza.

Milia husema nini?

Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio nchini Marekani, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ilisomwa kwa msimbomilia wa bidhaa za dukani. Mwaka huohuo kampuni ya Intermec ya Marekani ilitoa Code 39, ambayo hufaa kwa maghala kwa kuwa huchukua herufi na tarakimu, nayo haina urefu maalumu.

Kila herufi au tarakimu ya Code 39 ina sehemu 9: milia myeusi 5 na nafasi nyeupe 4. Sehemu 3 kati ya hizo 9 ni pana, na zilizobaki ni nyembamba. Msimbo huanza na kuishia kwa alama ya nyota. Skana haitambui sura ya tarakimu. Hupima tu ni sehemu ipi pana na ipi nyembamba. Sehemu pana yapasa kuwa na upana wa mara 2 hadi 3 wa ile nyembamba, na kila upande wa msimbo lazima uachwe weupe mtupu usiopungua mara 10 ya upana wa mlia mwembamba. Basi, printa mpya ikibadili vipimo hivyo, imebadili maneno yenyewe.

Jambo la kwanza: amri

Printa hupokea nambari kutoka kwenye kompyuta. Baadhi ya nambari hizo ni amri, na kila jamii ya printa ina amri zake. Katika printa za Epson zenye sindano 9, jamii ya FX, amri ya kuchora nukta 120 kwa inchi ni ESC L, ikifuatwa na nambari mbili zinazotaja idadi ya safu za nukta. Nambari ya kwanza ni baki baada ya kugawanya idadi kwa 256, na ya pili ni hisa. Msimbo wenye safu 293, kwa mfano, huandikwa 37 kisha 1. Apple ImageWriter haifuati desturi hiyo: hutaka ESC G na idadi iliyoandikwa kwa tarakimu nne, yaani 0293. Programu isiyobadilishwa itaifanya printa ichape herufi za ovyo, au iyameze maandishi yanayofuata ikidhani ni picha.

Epson zenye sindano 24, jamii ya LQ, hutumia sindano zake zote kwa amri ya ESC * 33. Hapa upo mtego. Idadi inayotajwa bado ni ya safu, lakini kila safu sasa huhitaji nambari tatu badala ya moja, kwa sababu kila nambari huendesha sindano 8 tu. Fundi akisahau, msimbo utaharibika.

Fundi aonywe pia juu ya amri ya ESC Y. Huchapa kwa kasi kubwa, lakini haiwezi kupiga nukta mbili zinazofuatana katika mstari mmoja. Kwa maandishi ya picha huenda ikafaa. Kwa milia haifai kabisa.

Jambo la pili: mwendo wa karatasi

Mlia mrefu hauchapwi kwa mpigo mmoja. Kichwa hupita, karatasi inasogea, kichwa kinapita tena. Katika jamii ya FX, amri ya ESC 3 husogeza karatasi kwa sehemu za 216 za inchi. Programu ikisema ESC 3 24, karatasi husogea inchi 24/216, yaani 1/9. Mistari 9 ni inchi 1 kamili, na lebo zenye mwanzo kila inchi 1 hupokea chapa mahali pake.

Katika jamii ya LQ amri ni ileile, ESC 3, lakini hupima kwa sehemu za 180. ESC 3 24 sasa ni inchi 24/180. Mistari 9 inakuwa inchi 1.2, na baada ya lebo 5 tu, chapa imepotoka kwa lebo nzima. Karani akirudisha karatasi kwa mkono, kosa linajificha na kujirudia. Dawa yake ni kuandika ESC 3 20, kwa kuwa 20/180 ni 1/9 ileile ya zamani. Mapito ya kichwa yatapandana kidogo, lakini mlia uliosimama wima hauharibiki kwa kupigwa mara mbili mahali pamoja.

Kama printa huchapa kwenda na kurudi, vipande vya mlia mmoja huweza kutopangana. Amri ya ESC U 1 huilazimisha kuchapa upande mmoja tu. Kazi itakwenda polepole, lakini milia itanyooka.

Jambo la tatu: unene wa nukta

Hili ndilo husahauliwa zaidi. Umbali kati ya nukta na nukta, zikiwa 120 kwa inchi, ni karibu milimita 0.21. Lakini nukta yenyewe huweza kuwa nene kuliko umbali huo. Tuseme sindano ya printa ya zamani huacha nukta ya milimita 0.35. Mlia wa nukta 2 utakuwa na milimita 0.56, na nafasi iliyoachiwa nukta 2 itabaki na milimita 0.29 tu, kwa kuwa wino umeila pande zote mbili. Kwa hiyo fundi mwangalifu aliachia nafasi nyembamba nukta 3, ikawa milimita 0.50, na skana ikaridhika.

Sasa tuseme printa mpya ina sindano nyembamba, zenye nukta ya milimita 0.20. Programu ileile itatoa mlia wa milimita 0.41 na nafasi ya milimita 0.65. Marekebisho yaliyoiponya printa ya kwanza yamekuwa ugonjwa wa ya pili. Hapa mlia na nafasi nyembamba zipewe nukta 3 kila kimoja, na zile pana nukta 7. Nambari ya tarakimu 6, pamoja na nyota zake mbili, itachukua safu 333, ambazo ni karibu milimita 70. Ukiongeza weupe wa pembeni, inaenea katika lebo ya milimita 89.

Kuthibitisha kazi

Katibu asipokee kazi ya fundi kwa kutazama tu. Kwanza, nakala ya programu ya zamani ihifadhiwe bila kuguswa. Pili, amri zote za printa na vipimo vyote vya nukta vikusanywe mwanzoni mwa programu, mahali pamoja, ili siku ya kununua printa nyingine pasiwe na kutafutana. Tatu, zichapwe lebo za majaribio zenye tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9, kwa utepe mpya na kwa utepe uliotumika, kwa sababu wino mwingi hunenepesha milia na wino hafifu huikatakata. Nne, lebo zisomwe kwa skana ileile itakayotumika ghalani, na kila nambari iliyosomwa ilinganishwe na orodha ya wanachama. Tano, matokeo yaandikwe katika kitabu cha ghala na kutiwa sahihi na katibu pamoja na mjumbe mmoja wa kamati.

Majaribio hayo huchukua asubuhi moja. Kutafuta kilo zilizoingia katika hesabu ya mtu mwingine huchukua msimu mzima, na imani ya mwanachama aliyepunjwa huchukua muda mrefu zaidi kurudi.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini alama ya uhakiki haikugundua kosa la 004172?
2. Lebo za chama zilianza kupotoka baada ya printa kubadilishwa, ingawa programu haikuguswa. Fundi aulizwe nini kwanza?
3. Kila alama ikichukua nukta 39 na nafasi ya nukta 3 kabla ya inayofuata, nambari ya tarakimu 8 pamoja na nyota zake itachukua safu ngapi? Je, lebo ya milimita 89 itatosha?

Jibu la swali la 3: safu 417, zinazoandikwa 161 kisha 1. Urefu wake ni karibu milimita 88. Haitatosha, kwa kuwa weupe wa pembeni hautapata mahali.