SOMO LA KIKUNDI: TUKIUZIA DUKA NGUO ZA MITUMBA, TUPANGE BEI KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI



Vikundi vingi vimeanza biashara ya mitumba. Wanachama wanachanga pesa, wananunua belo moja, wanauza nguo sokoni, na zile nzuri wanapeleka kwa duka la nguo mjini. Ni kazi halali na imesomesha watoto wengi. Lakini nimeona pia vikundi vikivunjika kwa sababu yake. Somo hili linahusu kosa moja ambalo halionekani haraka.

Katibu au mwanachama mwingine asome hadithi hii polepole, kisha mjadiliane.

HADITHI

Kikundi kimoja cha akina mama kilitoa shilingi 12,000 kwenye sanduku lao la akiba. Pesa hizo zilikuwa za karo ya mwezi wa Januari. Walinunua belo ya blauzi yenye kilo 45. Nauli na mbebaji walichukua 800. Sabuni, uzi na vifungo vilikuwa 200. Jumla ikawa 13,000.

Walipofungua belo walihesabu blauzi 200. Mweka hazina akagawanya: 13,000 kwa 200 ni shilingi 65. "Basi," akasema, "blauzi moja imetugharimu 65. Tukiuza kwa mia, tuna faida ya 35." Wote wakapiga makofi.

Mwenyekiti na mama mwingine wakabeba mzigo wote hadi kwa duka. Mwenye duka alikuwa kijana mwenye adabu. Akawapa viti, akachagua, akachagua tena.

"Mama, nitachukua hizi 50. Nitawapa mia mia."

"Ongeza kidogo, mwanangu."

"Biashara ni ngumu, mama. Na nalipa sasa hivi."

Mwenyekiti akakumbuka ile 65, akaona hapa kuna faida. Akapokea 5,000, wakarudi wakiimba.

Siku za soko zilipofika, furaha ikaisha. Blauzi 70 zilinunuliwa kwa 50 kila moja, yaani 3,500. Blauzi 50 zenye rangi iliyofifia zilienda kwa 30, yaani 1,500. Zile 30 zilizobaki zilikuwa zimeraruka, hazikupata mtu. Ukijumlisha na pesa ya duka, walipata 10,000. Walikuwa wametumia 13,000. Januari ikafika na sanduku lina upungufu wa 3,000, na wakaanza kuulizana nani amekula pesa.

Hakuna aliyekula.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Watu wengi husema kijana wa duka aliwapunja. Hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilifikiri hivyo, hasa nilipoambiwa kwamba alizitundika zile blauzi kwa 350. Lakini yeye analipa kodi ya chumba, leseni ya kaunti, na msichana wa kuuza. Nguo nyingine hukaa miezi bila kununuliwa. Hakuwadanganya. Alitaja bei, nao wakakubali.

Kosa lilikuwa katika ile 65. Hesabu ile ingekuwa sawa kama blauzi zote 200 zingekuwa na thamani moja. Belo haiko hivyo. Hufungwa kwa kamba, na unalipa kabla ya kuona ndani. Ukifungua unakuta nguo nzuri sana, ambazo wauzaji wa Gikomba huziita kamera. Unakuta za katikati. Na unakuta fagia, zile za mwisho. Kamera ndizo zinazolipia fagia. Mwenye duka akichukua kamera zote kwa bei iliyopigwa kama nguo zote ni sawa, anaondoka na faida ya belo nzima, na nyinyi mnabaki na hasara yake.

HATUA ZA KUFUATA

1. Panga nguo kwa mafungu kabla ya mtu wa nje kuziona. Fungu la kwanza: safi, halijafifia, zipu na vifungo vyote vipo. La pili: nguo za kuvaa kila siku. La tatu: zilizoraruka au zenye madoa yasiyotoka. Hizo zinaweza kuwa vitambaa vya kufutia au viraka, lakini msizihesabu kama pesa.

2. Kadirieni fungu la pili litaleta nini sokoni. Msijidanganye. Tumieni bei ya siku mbaya ya soko.

3. Tafuteni bei ya chini ya fungu la kwanza. Chukua gharama yote, toa pesa ya fungu la pili, kisha gawanya kwa idadi ya fungu la kwanza. Katika hadithi yetu: 13,000 toa 5,000 ni 8,000. Gawanya kwa 50, unapata 160. Chini ya 160, kikundi kinapoteza. Kama wangeuza kwa 200, wangepata 10,000 dukani na 5,000 sokoni, jumla 15,000, na faida 2,000.

4. Pelekeni dukani fungu la kwanza peke yake, zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi. Ulizeni bei katika maduka mawili au matatu kabla ya kukubali. Waende watu wawili, na wote wawili wawe wanajua bei ya chini.

5. Kama kuna kasoro, ionyesheni wenyewe. Nabii Amosi aliwakemea waliopunja maskini kwa mizani, na sisi maskini pia tunaweza kupunja. Tena duka likikuta doa mlilolificha, halitawapokea mara ya pili.

MALI KAULI

Maduka mengine hayalipi papo hapo. Wanasema, "Acheni nguo, zikinunuliwa nitawalipa." Hiyo ni mali kauli, yaani mali iliyotolewa kwa neno la mdomo. Si vibaya, ila iwe na karatasi. Andikeni idadi ya nguo, bei ambayo kikundi kitapata kwa kila moja, siku ya kulipana, na nani atalipa nguo ikipotea au ikichafuka. Nakala mbili, sahihi za pande zote mbili. Bei iwe juu kidogo kuliko ya pesa taslimu, kwa sababu mnangoja na mnabeba hatari. Mara ya kwanza msiache nguo nyingi. Pesa ya M-Pesa iingie kwa kikundi, si kwa simu ya mtu binafsi, na iandikwe kitabuni siku hiyo hiyo.

NENO LA TAHADHARI

Msiweke akiba yote katika mitumba. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa korona, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba nchini, na haikuruhusu tena mpaka Agosti 2020. Waliokuwa na biashara hii peke yake waliumia. Pesa ya karo na ya matibabu ikae kando.

Kikundi kile cha hadithi hakikuvunjika. Walikaa chini ya mwembe na kitabu chao, wakapiga hesabu upya mstari kwa mstari, wakaona pesa ilikopotelea. Mweka hazina alilia, wenzake wakamwambia, "Sote tulipiga makofi."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kikundi chetu tumewahi kulaumiana juu ya pesa bila kufungua kitabu kwanza?

2. Katika biashara yetu, iwe ni mitumba, mahindi, mayai au ndizi, ni nani huchagua zile nzuri, na kwa bei gani?

3. Zoezi: chukueni gharama zenu za mwisho, mtafute bei ya chini pamoja. Asiyejua kusoma apewe mbegu za maharagwe ahesabu nazo. Kila mwanachama aweze kueleza bei hiyo ilitoka wapi kabla hamjafunga mkutano kwa sala.