Moyo Udundapo

Ndugu zetu, kijana huona moyo wake wadunda akasema: "Huyu ndiye." Nasi twauliza: moyo umedundishwa na nini?

Mwaka 1974 wataalamu wa elimu ya nafsi, Dutton na Aron, waliandika khabari za daraja la Capilano, Kanada, lining'inialo mita 70 juu ya mto. Mwanamke aliwahoji wanaume wakivuka, akawapa nambari ya simu. Katika 18 walioipokea, 9 walimpigia. Kwenye daraja jingine, la chini na madhubuti, katika 16 walimpigia 2 tu. Wakaona ya kuwa khofu yaweza kudhaniwa mapenzi.

Basi asitoe mtu ahadi ya ndoa katika shangwe ya arusi wala huzuni ya msiba. Na angoje moyo utulie, aulize tabia, ndipo apose.