Afya ya Mwanamke: Kila Umri na Kipimo Chake

Saratani ya mlango wa kizazi huanza kimya. Virusi vya HPV vinavyoisababisha huweza kudumu mwilini miaka 10 au zaidi kabla ya ugonjwa kujitokeza, na muda wote huo mwanamke hahisi maumivu. Ndiyo maana huduma za kinga hupangwa kwa kufuata umri, bila kusubiri dalili.

Msichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa kote nchini Tanzania mwaka 2018.

Mjamzito anashauriwa kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12, ili apimwe wingi wa damu, shinikizo la damu, kaswende na VVU.

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 anahimizwa kuchunguzwa mlango wa kizazi. Mtoa huduma hupaka siki maalumu. Baada ya dakika moja, sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mabadiliko hayo ya awali bado si saratani, na mengi hutibika kwa tiba mgando. Anayeishi na VVU huanza uchunguzi mapema zaidi na kuurudia mara nyingi zaidi.

Baada ya ukomo wa hedhi, shinikizo la damu, sukari na matiti viendelee kuangaliwa. Damu ikitoka ukeni katika umri huo, fika kituoni bila kuchelewa.

Ndugu mwananchi, aliyechanjwa bado anahitaji uchunguzi. Ulizia siku za huduma hizi katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.