Mbuzi wa Anna

Wapendwa wanandoa, siku mlipofunga ndoa huenda mlisomewa Kitabu cha Tobiti. Mapadre wengi huchagua sura ya 8, pale kijana Tobia na mkewe Sara wanaposimama chumbani na kusali kabla ya kulala. Ni somo zuri, linalofaa siku ya maua na keki. Lakini nimehudhuria harusi nyingi, na sijasikia hata mara moja ikisomwa sura ya 2, inayowahusu wazazi wa kijana huyo. Hao walikuwa wamekaa katika ndoa miaka mingi. Mzee hana kazi, mama ndiye anayelisha nyumba, nao wanagombana kwa sababu ya mbuzi.

Hilo ndilo somo letu mwezi huu, kwa sababu katika nyumba nyingi za wasomaji wetu kuna mmoja ambaye asubuhi hana mahali pa kwenda.

Habari yenyewe ni hii. Tobiti alikuwa mtu mwema aliyewazika ndugu zake waliouawa huko Ninawi. Usiku mmoja, baada ya kuzika, alilala uani kando ya ukuta, na kinyesi cha ndege kikamwangukia machoni. Akaenda kwa waganga. Kadiri walivyompaka dawa ndivyo alivyozidi kupofuka. Miaka minne hakuona. Jamaa yake Ahikari alimsaidia kwa miaka miwili, kisha akahamia mbali. Ndipo Anna, mke wake, akaanza kufanya kazi ya kusokota na kufuma nyumbani, akipeleka kazi kwa matajiri wake na kulipwa. Siku moja walimlipa ujira wake wote, na juu yake wakamwongezea mwanambuzi. Mbuzi alipolia uani, kipofu akauliza ametoka wapi. Mke akasema amepewa. Mume hakusadiki. Alimwambia ni wa wizi, amrudishe kwa wenyewe, akaona haya kwa ajili ya mke wake. Anna naye akamrudishia maneno makali: sadaka zako zote na matendo yako mema yako wapi sasa? Mzee akaenda kando akaomba afe.

Someni habari hiyo polepole. Hakuna mlevi hapo, wala mzinzi, wala mtu mbaya. Kuna watu wawili wema waliochoka. Tena angalieni jambo linaloanzisha ugomvi: siku ile haukuletwa na njaa, uliletwa na zawadi. Nyumba iliyokuwa imevumilia miaka ya shida ilitikiswa na jambo jema, kwa sababu jema hilo lilipita katika mikono ya mke, na mume hakuwa na la kuleta.

Naifahamu habari hii kwa sababu nimeishi ndani yake. Mume wangu alikuwa dereva wa magari ya watalii. Machi 13 mwaka 2020 ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Kenya, watalii walikuwa wameanza kupungua. Kufikia Mei aliitwa ofisini pamoja na wenzake, wakapewa barua na kuambiwa wataitwa hali ikitengenea. Hawakuitwa. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, na kwa kuwa kila mtu alitakiwa kuvaa barakoa, nilishona barakoa mchana na usiku. Watu walikuwa wakilia kwamba kazi hakuna, nami nilikuwa na kazi kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Siku moja mama mmoja mteja alinilipa fedha zake zote, kisha akanipa kuku wawili na debe la viazi kwa sababu niliwashonea watoto wake haraka. Nilifika nyumbani nikifurahi kama mtoto. Mume wangu aliwatazama kuku, akauliza, "Huyo mteja ni mwanamume au mwanamke?"

Sitawaambia nilimjibu nini. Hakula jioni ile, wala mimi sikula, na watoto wakala wakiangalia chini.

Basi, faraja hutoka wapi katika nyumba kama hiyo? Wengi tunadhani faraja ni maneno. Tunamwendea aliyepoteza kazi tukamwambia Mungu atafungua mlango mwingine, usijali, mambo yatakuwa mazuri. Maneno hayo si uongo, lakini mtu anayesikia hayo kila siku huanza kujificha akiona wageni. Mume wangu alifika mahali akawa anatokea mlango wa nyuma.

Aliyemsaidia ni mzee mmoja wa jumuiya yetu. Ninyi mnajua kwamba maaskofu wa Afrika Mashariki katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976 waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mbele ya kazi zao nyingine, ili Kanisa liwe kati ya majirani, wala si siku ya Jumapili pekee. Lakini katika miezi ile jumuiya hazikuweza kukutana, na makanisa yenyewe yalifungwa. Mzee yule hakuja kusali nasi. Alikuja akisukuma toroli lililovunjika mguu, akasimama langoni akasema, "Baba Maria, nisaidie hili, mikono yangu haina nguvu." Wakatengeneza toroli mpaka saa saba. Kesho yake alirudi na bawaba za mlango. Hakuleta pole hata moja. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mtu aliyeachishwa kazi hupoteza mshahara, na hilo kila mtu huliona. Lakini pia hupoteza kuhitajiwa, na hilo halina anayemwulizia habari zake. Kwa hiyo wewe mke uliye na mume wa namna hiyo, au mume uliye na mke wa namna hiyo (maana siku hizi ni nyumba nyingi ambamo mke ndiye aliyepoteza kazi), usimpumzishe mwenzako kupita kiasi. Mwombe msaada wa kweli. Usimtafutie kazi ya kujishughulisha kama mtoto. Mpe kazi ambayo asipoifanya nyumba itapungukiwa.

Kwetu ilikuwa magunia. Yule mzee alituonyesha jinsi ya kupanda sukuma wiki katika gunia, nasi tulikuwa na ua mdogo tu wa nyumba ya kupanga. Unachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri. Katikati ya gunia unasimamisha kopo lisilo na kitako, unalijaza kokoto, unazungushia udongo, kisha unalivuta kopo juu na kulijaza tena mpaka gunia lijae. Maji yatateremka katika kokoto hizo na kufika chini. Unatoboa matundu pembeni na kupandikiza miche humo, na mingine juu. Baada ya kama wiki sita hadi nane unaanza kuchuma, ukianza na majani ya chini na kuacha kichwa kiendelee. Mama ambaye kila jioni ananunua mboga ya shilingi thelathini ajifanyie hesabu ya mwezi. Lakini sikuandika hili kwa sababu ya mboga. Mume wangu alianza kuamka mapema tena. Alikuwa na kitu cha kwenda kutazama.

Nirudi kwenye barua ile ya kazi, kwa maana hapa kuna elimu ambayo tuliipata tukiwa tumechelewa. Barua ilikaa katika Biblia miezi mitatu bila kusomwa tena, kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa kumkumbusha mwenzake. Tulipoisoma pamoja, tukiwa na kijana mmoja wa parokia aliyesoma sheria, tulijua kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inasema mfanyakazi anayeondolewa kwa sababu kazi imepungua ni lazima apewe notisi ya angalau mwezi mmoja, na ofisi ya leba ijulishwe pia. Alipwe kwa fedha siku za likizo ambazo hakuzichukua, na zaidi ya hayo apewe malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Aliyekuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi, akiwa amefanya kazi miaka 8, anastahili takribani shilingi 120,000 kwa hesabu hiyo ya miaka peke yake. Hatukuzipata zote, maana tulichelewa, na kampuni yenyewe ilikuwa imefunga ofisi. Tulipata sehemu. Lakini naona jioni ile tuliyokaa mezani na karatasi, taa ikiwa katikati yetu, ilitufaa kuliko hizo fedha. Kwa mara ya kwanza tangu Mei tulikuwa upande mmoja wa meza.

Na mkiwa mezani hapo, wekeni yote wazi: deni la dukani, mkopo wa Sacco na majina ya waliowadhamini, karo. Mdhamini asisikie habari zenu kwa watu. Nendeni wawili mkamwambie wenyewe. Wanaume wengine kwa aibu hukimbilia kuweka nyumba rehani kimyakimya. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani au kukodishwa bila wote wawili kukubali kwa maandishi wakiwa wameelewa. Mke asitie sahihi ili tu kuleta amani.

Labda mmoja wenu atauliza, je, si aibu kwa mwanamume kusaidia katika kazi ya mkewe? Swali hili naliheshimu, maana mume wangu aliliuliza. Nilimwambia habari za Luis na Zelia Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Walioana mwaka 1858 katika mji wa Alençon, Ufaransa. Yeye alikuwa fundi wa saa mwenye duka lake, na mke alikuwa na kazi ya lesi, akiwapa wanawake vipande vya kufuma majumbani mwao kisha yeye mwenyewe akiviunganisha. Kazi ya mke ilikua kuliko ya mume. Mwaka 1870 Luis aliuza duka lake la saa kwa mpwa wake, akaingia katika biashara ya mke, akashughulikia hesabu na safari za kutafuta wateja. Mwaka huohuo walizika watoto wawili, mmoja akiwa na miaka mitano na mwingine mchanga. Katika watoto tisa walizika wanne. Zelia aliandika barua kwa ndugu yake na kwa binti zake, na zaidi ya mia mbili zimehifadhiwa. Ndani yake kuna mafua ya watoto, wafanyakazi, uchovu, na bei. Alifariki kwa saratani mwaka 1877. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, aliwatangaza wote wawili watakatifu siku moja.

Mume wangu alisikiliza, kisha akasema, "Lakini yeye aliuza duka. Mimi sikuuza, nilifukuzwa." Alisema kweli, na sikuwa na jibu. Nawaandikia hili ili msidhani habari za watakatifu hufanya kazi kama dawa ya malaria. Lakini wiki iliyofuata alichukua barakoa zangu akazipeleka kwenye maduka ya kando ya barabara kuu, ambako madereva wote walimjua. Alikaa bila ajira miezi kumi na minne. Kazi aliyopata baadaye ilikuwa ya mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza.

Mkiendelea kusoma Kitabu cha Tobiti mtaona kwamba wazee wale hawakuacha kujibizana. Kijana wao alipotumwa safari ya mbali kuleta fedha, Anna alilia na kumlaumu mumewe kwa kumpeleka mtoto. Mzee akamtuliza akimwita dada. Kijana alipochelewa, mzee alimtuliza tena, na mama akamwambia anyamaze asimdanganye. Hata hivyo kila siku Anna alikwenda kuitazama njia, na ndiye aliyemwona mtoto kwanza, akakimbia kumwambia yule kipofu. Habari njema aliipeleka kwa mtu yuleyule aliyemwita mwizi.

Kwa zoezi la mwezi huu, tafuteni jioni moja watoto wakiwa wamelala. Fungueni sura ya 2, kuanzia mstari wa 11 hadi wa 14, na msome kwa sauti mkibadilishana nafasi: yule anayeleta chakula sasa asome maneno ya Tobiti, na yule asiye na kazi asome maneno ya Anna. Kisha kila mmoja amwulize mwenzake maswali haya mawili, na anayeuliza asikatize jibu: Ni siku gani nilikuletea mbuzi nawe ukamkataa? Na ni kazi gani ya nyumba hii ungependa nikuombe unisaidie kesho asubuhi?