Dondoo muhimu: Kupiga picha mkungu unapogeuka mwekundu

Vuli yetu ni mvua, si msimu wa majani kupukutika kama Ulaya. Lakini mti wa mkungu hujivua majani, na kabla hayajadondoka hugeuka manjano, kisha mekundu kama pilipili iliyoiva. Ukiuona hapa Dar es Salaam, Jangwani au kwenye mitaa ya Kariakoo, usiupite hivihivi.

Sogea karibu. Kosa kubwa ni kutaka mti mzima: unapata nyaya za umeme, mabango na bajaji, na wekundu wenyewe unabaki doa dogo. Chagua tawi moja, hata jani moja, lijaze fremu. Simama upande wa kivuli ili jua liwe nyuma ya jani. Mishipa yake yote itaonekana na rangi itawaka kama taa. Ukipiga kutoka upande wa jua, jani hilohilo huonekana limepauka.

Nenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Mchana jua la Dar liko utosini.

Washa gridi ya kamera ya simu, weka jani pale mistari inapokutana, si katikati. Nyuma yake tafuta bluu. Mimi husubiri basi la bluu la mwendokasi lipite Barabara ya Morogoro, maana bluu hunyanyua wekundu kuliko ukuta wowote.

Mwenye meza ya biashara akiingia kwenye picha, muombe ruhusa kwanza. Na simu ishike kwa mikono miwili.