Mbona Wanarudia Kupiga Picha?

Mama mmoja wa Ukerewe, ambaye mtoto wake alikuwa na maji kichwani, alituuliza baada ya kipimo cha MRI: "Sista, mbona wanarudia rudia? Mashine ni mbovu?"

Si mbovu. Mashine hii haitumii mionzi kama eksirei, bali sumaku na mawimbi ya redio. Maji ya mwilini hurudisha mawimbi hafifu mno. Ukitafuta stesheni ya mbali usiku, husikia mkwaruzo. Katika picha mkwaruzo huo huwa chenga, kama za televisheni yenye antena mbaya.

Mtoto hatulii, kwa hiyo twapenda picha ya haraka ili asipewe dawa ya usingizi. Lakini haraka huzidisha chenga. Ndiyo maana hurudia na kuchukua wastani: kurudia mara 4 hupunguza chenga kwa nusu tu. Antena huvalishwa kichwani kama kofia, iwe karibu. Kompyuta nayo husafisha, ila ikizidisha yaweza kufuta hata kidonda kidogo.

Huko Mbarara, Uganda, mwaka 2022 iliundwa mashine ya sumaku dhaifu kwa ajili ya watoto kama huyu. Chenga zake ni nyingi, lakini maji yaliyojaa kichwani huonekana.

Mama, kama mwanao hatapewa dawa ya usingizi, mnyonyeshe ashibe, mfunge vizuri kwa khanga isiyo na pini, asinzie. Kama atapewa, fuata saa za kufunga ulizoambiwa.