Maswali Yaliyofichwa: Fundisho kwa Mwalimu kutokana na Masomo ya Akili Mnemba

Utangulizi

Wanachuo wetu huuliza mara kwa mara kama mwalimu aliyekwisha kuajiriwa aweza kuendelea na masomo ya juu pasipo kuliacha darasa lake. Siku hizi swali hilo limepata sura mpya, kwa kuwa wapo wanaotamani kusomea akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Hiyo ni elimu ya kuiwezesha kompyuta kutenda mambo tuliyozoea kuyahesabu kuwa ni ya akili ya binadamu, kama vile kutambua picha, kujibu maswali au kucheza mchezo wa bao. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi jinsi masomo hayo yanavyoendeshwa kwa watu walio kazini. Kisha tutalichukua fundisho moja lililomo ndani yake, ambalo mwalimu wa shule ya msingi aweza kulitumia kesho asubuhi hata kama shule yake haina umeme.

1. Kusoma ukiwa kazini

Kusoma huku ukifanya kazi si jambo geni kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilihitaji walimu wengi kwa haraka ili kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote. Kuanzia mwaka 1976 maelfu ya vijana walifunzwa ualimu wakiwa shuleni, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mazoezi ya kufundisha. Mwaka 1994 Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kilianza kufundisha watu walio mbali.

Katika akili mnemba, mfano mmoja unaojulikana sana ni wa Georgia Institute of Technology, chuo kikuu kilichoko Atlanta, Marekani. Mwezi Januari 2014 chuo hicho kilianza kutoa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya mtandao, na akili mnemba ni miongoni mwa masomo yake makuu. Ada ya shahada nzima ilipangwa iwe chini ya dola 7,000. Mwanafunzi hutakiwa kufaulu masomo 10, na wengi huchukua somo moja tu kwa muhula kwa sababu wana kazi na familia. Anayechukua masomo mawili kwa mwaka atahitaji miaka mitano.

Yafaa tuwaambie wanachuo ukweli mapema. Anayetaka kuingia huko sharti awe na shahada ya kwanza, kwa hiyo sisi wenye stashahada bado tuna daraja moja la kupanda. Tena sharti awe na misingi ya aljebra, ya kalkulasi na ya nadharia ya uwezekano, na aweze kuandika programu za kompyuta. Misingi hiyo haipatikani kwa juma moja. Mwenye nia na aanze nayo sasa.

Mkufunzi mwenzetu aliyejiunga na masomo ya namna hii nusura ashindwe katika muhula wake wa kwanza. Uwezo alikuwa nao. Kosa lake lilikuwa kuilimbikiza kazi ya juma zima hadi Jumamosi. Kila Jumamosi ilipofika alikuwa amekwisha kusahau alipoishia, na nusu ya siku ilipotea katika kukumbuka. Alipogawa kazi yake kuwa saa moja na nusu kila usiku, hata siku aliyochoka, mambo yalitengemaa. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Fumbo la maumbo

Sasa tuingie katika fundisho lenyewe. Katika mojawapo ya masomo ya chuo cha Atlanta, wanafunzi walikuwa wakipewa kazi ya kuandika programu itakayofumbua mafumbo ya maumbo. Asili ya mafumbo hayo ni kipimo kilichotungwa na John Raven wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1938. Mtahiniwa huonyeshwa maumbo yaliyopangwa kwa safu, na nafasi moja huachwa wazi. Hutakiwa kutambua kanuni inayoyaunganisha maumbo hayo, kisha achague umbo linalostahili kujaza pengo.

Wanafunzi walipewa baadhi ya mafumbo ili wayatumie katika kuitengeneza programu. Lakini mafumbo mengine yalifichwa. Programu ilipimwa kwa yale yaliyofichwa pia, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mwanafunzi mvivu aweza kuandika programu ambayo kwa fumbo la kwanza hujibu nne, kwa la pili hujibu moja, na kadhalika. Programu hiyo itapata alama zote katika mafumbo yaliyo wazi, lakini haitafua dafu mbele ya yale yaliyofichwa, kwani haikujifunza kanuni yoyote. Ilikariri tu.

Hii ndiyo kanuni kuu ya taaluma nzima ya kuifundisha mashine: mifano ya kufundishia na mifano ya kupimia isichanganywe kamwe. Mashine inayofanya vizuri katika mifano iliyofundishwa lakini ikashindwa katika mifano mipya huhesabiwa kuwa haijajifunza, hata kama alama zake za mwanzo zilikuwa mia kwa mia.

3. Kosa letu wenyewe

Kanuni hiyo ilitukumbusha jambo ambalo tungependa kulisahau. Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la tano, fomu ya tathmini mikononi. Mwanachuo alifundisha kujumlisha sehemu kwa mifano mitatu, wa kwanza ukiwa ½ + ⅓. Mwishoni alitoa zoezi la maswali matatu, na yote yalikuwa yale yale yaliyokuwa ubaoni kabla haujafutwa. Karibu watoto wote walipata. Sisi tuliandika kwamba somo limeeleweka vizuri sana, tukampa alama za juu.

Kesho yake mwalimu wa darasa aliwapa watoto ⅔ + ⅕. Waliopata walikuwa wachache. Katika daftari la mtoto mmoja tuliona jibu limeandikwa ⅚ kwa mwandiko safi. Hilo lilikuwa jibu la ½ + ⅓, swali la jana. Mtoto yule hakuwa mzembe. Alikuwa ametunza kwa uaminifu kile tulichompa, na tulichompa kilikuwa jibu badala ya njia. Mwanachuo alidanganyika, mtoto alidanganyika, na sisi tuliokuja kupima ndio tuliotia sahihi.

Tangu hapo tunadai kwamba kila andalio la somo tunalolikagua lionyeshe maswali ya kupimia kando ya mifano ya kufundishia, na kwamba hayo mawili yasifanane kwa namba wala kwa maneno.

4. Somo la mfano: mti wa maamuzi

Somo hili lafaa kwa sayansi, darasa la tatu au la nne. Kwa njia yake watoto watajionea jinsi mashine inavyofundishwa kuainisha vitu.

Zana: maharage mekundu, mahindi meupe na choroko za kijani, ziwekwe katika vifuniko vya chupa, seti moja kwa kila kikundi. Mwalimu afiche mfukoni maharage meupe, mahindi ya njano na kunde chache.

Hatua ya kwanza. Kila kikundi kitunge maswali ya ndiyo au hapana yatakayomwezesha mtu asiyezijua mbegu hizi kuzitaja. Maswali yachorwe kama mti: kila swali lina matawi mawili, na mwisho wa tawi pana jina la mbegu. Bila shaka vikundi vingi vitauliza rangi: “Je, ni nyekundu? Basi ni haragwe.” Mwalimu asiwasahihishe.

Hatua ya pili. Mwalimu atoe haragwe jeupe na kuwataka waufuate mti wao bila kuongeza neno. Mti wa rangi utasema kwamba hilo ni hindi. Watoto watacheka na kubishana. Mwalimu aulize: “Nani amekosea, mbegu au mti?”

Hatua ya tatu. Vikundi vitengeneze mti upya. Waongozwe kutazama kovu dogo lililoko ubavuni mwa haragwe na choroko, ambalo punje ya hindi haina. Kisha watazame ukubwa. Mti mpya upimwe kwa mahindi ya njano.

Hatua ya nne. Mwalimu atoe kunde. Mti utaipa jina la haragwe au la choroko bila kusita, kwa sababu haukuwahi kufundishwa kunde. Hapa watoto watambue kwamba mashine nayo yaweza kujibu kwa uhakika jambo isilolijua.

5. Tahadhari

Swali lililofichwa likitumiwa mara nyingi halibaki siri. Mwanafunzi wa akili mnemba anayeipima programu yake kwa mifano ile ile, akairekebisha, akaipima tena, mwishowe huwa ameigeuza mifano ya kupimia kuwa ya kufundishia. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu anayerudia mitihani ya miaka iliyopita hadi darasa liijue kwa moyo. Alama hupanda, lakini ujuzi hubaki pale pale.

Hitimisho

Si kila mwanachuo atakayesomea akili mnemba, wala si lazima. Lakini kila mmoja wenu atasimama mbele ya watoto akitaka kujua kama wamejifunza. Siku hiyo awe na maswali mfukoni ambayo watoto hawajayaona.

Maswali ya majadiliano

1. Chukua andalio lako la somo la mwisho. Ni maswali mangapi ya kupimia yaliyofanana na mifano yako ya ubaoni? Yaandike upya.

2. Tunga seti nyingine ya vitu kwa ajili ya mti wa maamuzi, kwa kutumia majani ya miti ya shuleni kwako. Utaficha majani gani, na kwa nini?

3. Panga ratiba ya juma moja ya mwalimu mwenye vipindi thelathini anayetaka kujisomea hisabati usiku. Onyesha utakachokiacha ili upate muda huo.